Kweli au si kweli? Tunayoyasema kuhusu timu ligi inapofika katikati

Mwishoni mwa Desemba, minada ya korosho ikielekea ukingoni na wakulima wengi wakiwa wameshalipwa, vibanda umiza vya huku kwetu hujaa. Chiungutwa, Ndanda, Newala mjini, kote ni hivyo hivyo. Ndicho kipindi ambacho Ligi Kuu huwa karibu na mwisho wa mzunguko wa kwanza: timu imecheza mechi kama 15 kati ya 30, dirisha dogo la usajili limefunguliwa, na kila aliyekaa kwenye benchi ana hukumu yake. Yule bingwa, yule anashuka, kocha huyu aondoke, straika yule auzwe.

Hukumu hizi si maneno ya kupitisha muda tu. Makocha wanapoteza kazi kwa sababu yake, viongozi wa klabu wanasajili kwa presha ya mashabiki, na vijana wetu wanaweka mikeka kwa pesa ya korosho iliyolimwa mwaka mzima. Kwa hiyo inafaa tuzikague. Nimechukua zile zinazorudiwa zaidi nikazipima kwa misimu iliyokwisha, hasa ule wa 2024/25, maana msimu uliofungwa hesabu zake hazina ubishi.

"Anayeongoza mzunguko wa kwanza ukiisha, kombe ni lake."

Si kweli, na msimu wa 2024/25 ni ushahidi tosha.

Tarehe 28 Desemba 2024 Simba waliifunga Singida Black Stars 1-0 pale Uwanja wa Liti, Singida, wakamaliza mzunguko wa kwanza na pointi 40: wameshinda 13, sare moja, wamepoteza moja. Yanga walimaliza na pointi 39: wameshinda 13, wamepoteza mbili, hawana sare. Simba kileleni. Ukipita vijiweni wiki ile, mashabiki wa Simba walishaanza kuhesabu miezi iliyobaki kabla ya kunyanyua kombe walilolikosa tangu 2021.

Ligi ilipokwisha Juni 2025, Yanga walikuwa na pointi 82, Simba 78.

Sasa chukua karatasi na kalamu, maana hapa pana jambo ambalo msimamo hausemi. Simba msimu ule wote walipoteza mechi mbili tu, na zote mbili walifungwa na Yanga: 1-0 tarehe 19 Oktoba 2024, kwa bao la kujifunga la Kelvin Kijili, na 2-0 tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuamua bingwa. Ondoa mechi hizo mbili za watani. Kila timu inabaki na mechi 28 dhidi ya timu zile zile 14. Katika hizo Simba wana pointi 78. Yanga wana 76. Maana yake, dhidi ya ligi yote iliyobaki, Simba walikuwa bora kuliko bingwa. Kombe lilikwenda Jangwani, kwa Yanga, kwa sababu ya dabi, na tofauti ya pointi nne ilizaliwa humo.

Je, udhaifu huo ungeweza kuonekana Desemba? Ungeweza, kwa aliyetaka kuuona. Simba walikuwa wamefungwa na Yanga mara nne mfululizo: 5-1 Novemba 2023, 2-1 Aprili 2024, 1-0 kwenye Ngao ya Jamii Agosti 2024, kisha ile ya Oktoba. Timu inayoongoza ligi kwa pointi moja huku ikijua kwamba bado ina mechi na mtu aliyeifunga mara nne, uongozi wake ni mwembamba kuliko unavyosomeka. Mchambuzi mkweli angeyasema yote mawili kwa pumzi moja: Simba ni imara mno kwa timu ndogo na za kati, na Simba wana deni kwa mtani.

Jambo la pili ambalo msimamo hulificha ni viporo. Msimu wa 2018/19, ligi ikiwa na timu 20, Yanga ya Mwinyi Zahera ilikwenda bila kufungwa mpaka tarehe 19 Januari 2019, ilipolala 1-0 kwa Stand United kule Shinyanga. Pengo la pointi lilikuwa kubwa, watu wakasema ligi imekwisha. Lakini Simba walikuwa Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi zao za ligi ya nyumbani zimerundikana. Walipoanza kula viporo, walivila kimoja kimoja hadi wakamaliza na pointi 93, Yanga 86. Na Stand United, waliovunja rekodi ile ya Yanga, walishuka daraja msimu huo huo.

Kwa hiyo ukiona msimamo wa Desemba, usiangalie safu ya pointi kabla hujaangalia safu ya mechi zilizochezwa. Kisha uliza mechi zilizobaki ni za nani na wapi.

"Kocha akifukuzwa, timu inaamka."

Hili ndilo linalosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko yote, na ndilo linaloumiza watu wengi zaidi. Wakati mwingine huonekana kweli. Nasema huonekana.

Yanga walianza 2024/25 kwa kushinda mechi nane za kwanza za ligi bila nyavu zao kutikiswa hata mara moja. Kocha alikuwa Miguel Gamondi wa Argentina, aliyewapa ubingwa msimu uliotangulia kwa pointi 80. Tarehe 2 Novemba 2024 wakakutana na Azam pale Chamazi. Beki wa kati, Ibrahim Hamad tunayemwita Bacca, akapewa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza. Timu ikacheza pungufu zaidi ya saa nzima, Gibril Sillah akafunga, ikaisha 1-0. Siku tano baadaye, Bacca akiwa anatumikia adhabu, Tabora United wakawafunga Yanga 3-1. Tarehe 15 Novemba Gamondi akaondolewa.

Twende pole pole hapa. Mechi nane, ushindi nane, hakuna bao la kufungwa. Kisha kadi nyekundu moja inazaa vipigo viwili: ule wa siku ile, na ule wa beki kukosekana. Mtu aliyekaa kibandani Novemba 2024 aliona timu iliyooza. Aliyetazama kwa utulivu aliona timu ambayo safu yake ya ulinzi ilitegemea mno watu wachache, na mmoja akikosekana wengine wanayumba. Huo ni udhaifu wa kikosi, na ni wa kweli, ila hautibiwi kwa kumbadilisha mtu wa kwenye benchi.

Akaja Sead Ramovic. Mechi yake ya kwanza, ya Ligi ya Mabingwa Afrika, alifungwa 2-0 na Al Hilal ya Sudan pale Kwa Mkapa. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa jirani zetu kabisa, Ruangwa, Uwanja wa Majaliwa, tarehe 30 Novemba, Yanga wakaifunga Namungo 2-0. Kuanzia hapo hawakupoteza tena mechi ya ligi hadi msimu unaisha. Lakini Ramovic mwenyewe hakuufikia mwisho: Februari 2025 aliondoka kwenda CR Belouizdad ya Algeria, akaja Miloud Hamdi, naye ndiye aliyenyanyua kombe. Makocha watatu, msimu mmoja, mechi 30: ushindi 27, sare moja, vipigo viwili. Vile viwili vya Novemba.

Basi nani aliiamsha timu? Kama ingekuwa kocha mpya, tungeona tofauti kati ya watatu hao, na tofauti hiyo ni vigumu kuiona. Gamondi alishinda nane kati ya kumi. Kilichobaki pale pale, kocha aje kocha aende, ni wachezaji: kina Aziz Ki, Pacome, Mzize, Mudathir, Aucho, na Bacca mwenyewe alipomaliza adhabu yake.

Simba nao wana mifano ya pande zote mbili. Novemba 2019 walimwondoa Patrick Aussems timu ikiwa inaongoza ligi, akaja Sven Vandenbroeck, wakachukua ubingwa. Watu wakasema: mmeona? Novemba 2023, siku mbili baada ya zile 5-1, wakamwondoa Robertinho, akaja Abdelhak Benchikha, mtu mwenye jina kubwa Afrika Kaskazini. Aprili 2024 Benchikha akaondoka, Juma Mgunda akaokota kazi, Simba wakamaliza wa tatu. Mara hii hakuna aliyesema mmeona.

Kuna ukweli mdogo ndani ya kauli hii nao usitupwe. Timu ambayo wachezaji wameacha kumsikiliza kocha huonekana: mstari wa ulinzi unapanda mmoja mmoja, mchezaji akitolewa anapita bila kumpa mkono mwalimu, dakika za mwisho hakuna anayerudi kukaba. Hapo kubadili kocha ni halali. Lakini vipigo viwili vyenye sababu zinazoonekana kwa macho si dalili hiyo.

"Timu iliyopigwa tano imekwisha."

Si kweli. Rudini kwenye Ligi ya Mabingwa ya 2018/19. Tarehe 19 Januari 2019 Simba walifungwa 5-0 na AS Vita kule Kinshasa. Tarehe 2 Februari wakafungwa 5-0 na Al Ahly kule Misri. Mechi mbili, mabao kumi. Nchi nzima ilizizima kwa kejeli. Kundi lilipoisha Simba walikuwa wa pili na wakaingia robo fainali. Walifunga mabao sita kundi zima, wakafungwa 13. Pointi zao tisa zote walizipata Dar es Salaam: 3-0 kwa JS Saoura, 1-0 kwa Al Ahly, 2-1 kwa Vita.

Kufungwa tano ni aibu ya siku moja na thamani yake ni pointi tatu, sawasawa na kufungwa moja. Timu inayopoteza kwa vishindo ugenini na kushinda kwa bao moja nyumbani ina afya nzuri kuliko timu inayotoa sare kila mahali huku ikisifiwa kwa kucheza soka safi.

Tahadhari moja tu. Kwenye ligi mabao huhesabika mwishoni. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba walimaliza wote na pointi 69. Azam wakawa wa pili kwa tofauti ya mabao, wakaenda Ligi ya Mabingwa, Simba wakaenda Kombe la Shirikisho. Azam wakatolewa mapema na APR ya Rwanda, Simba wakafika fainali ya Shirikisho na RS Berkane ya Morocco Mei 2025.

"Dirisha dogo ndiyo dawa."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ni ghali.

Mfano mzuri upo. Desemba 2022 Simba walimchukua Saido Ntibazonkiza kutoka Geita Gold. Msimu ulipoisha alikuwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, wakagawana ufungaji bora. Yanga nao, Januari 2023, walimleta Kennedy Musonda, na msimu ule wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakalikosa kwa sheria ya bao la ugenini baada ya kutoka 2-2 kwa jumla na USM Alger.

Mfano mbaya nao upo, mwaka mmoja tu baadaye. Januari 2024 Simba waliachana na Jean Baleke, wakamtoa Moses Phiri kwa mkopo, wakaleta washambuliaji wawili wapya, Pa Omar Jobe na Freddy Michael Koublan. Waling'oa safu nzima ya mbele katikati ya safari. Wakamaliza wa tatu.

Tofauti iko wapi? Saido alikuwa anaijua ligi. Alishawahi kuchezea Yanga, alishacheza kwenye viwanja vya mikoani vyenye vumbi na nyasi za kuokoteza, aliingia kwenye timu iliyokuwa na umbo tayari na akaziba pengo moja. Washambuliaji wale wawili waliletwa kujenga upya kitu ambacho kilihitaji kambi ya miezi miwili, si wiki mbili za Kombe la Mapinduzi Zanzibar. Ukisikia timu yako imesajili Januari, swali la kwanza si anatoka nchi gani wala alifunga mangapi huko. Uliza anaziba nafasi ya nani, na je, huyo aliyekuwepo ndiye tatizo?

"Timu za Kusini zinawaka mapema, zinazimika mapema."

Kauli hii inatuhusu sisi, na inaniuma kwa sababu husemwa na wenzetu wenyewe. Ina mizizi, nitaionyesha ilipo. Lakini si kweli.

Mizizi ni Ndanda. Septemba 2014 Ndanda FC, timu ya Mtwara iliyobeba jina la Ndanda yetu hii, ilicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ugenini Shinyanga, ikaifunga Stand United 4-1. Wikiendi ile ya kwanza ikakaa kileleni mwa ligi. Furaha ya Mtwara, Masasi na Newala siku ile haikuwa na kipimo. Kisha vipigo vikaanza, na timu ikatumia msimu mzima kupigana isishuke.

Watu wakasema imezimika. Hawakuuliza moto wenyewe ulikuwa na ukubwa gani. Stand United nao walikuwa wamepanda daraja mwaka ule ule, pamoja na Ndanda na Polisi Morogoro. Zile nne ni za mgeni kumfunga mgeni mwenzake. Mechi moja dhidi ya timu isiyojua ligi haikutosha kusema Ndanda ni bora, na vipigo vya baadaye kutoka kwa timu zilizokomaa havikutosha kusema imeharibika. Ilikuwa timu ile ile, imekutana na watu tofauti. Mwisho wa msimu ikabaki. Mechi ya kufunga pazia, Mei 2015, iliifunga Yanga 1-0 pale Nangwanda Sijaona. Na hapo pia tuseme ukweli, Yanga walikuwa wameshatwaa ubingwa na hawakuwa na cha kupigania. Ndanda walikuwa nacho, ndiyo maana walishinda. Timu hiyo iliyoitwa ya kuzimika ilidumu Ligi Kuu misimu sita, hadi iliposhuka 2020.

Msimu huo huo wa Ndanda kushuka, 2019/20, ndio wa kwanza kwa Namungo ya Ruangwa. Hapo ndipo kauli inapovunjika kabisa. Namungo, chini ya kocha Mnyarwanda Hitimana Thierry, haikuanza kwa kelele. Ilijengwa kwa uti wa mgongo ulioeleweka: Lucas Kikoti katikati, Reliants Lusajo na Bigirimana Blaise mbele, nyuma yao ulinzi usiokurupuka. Ligi ikasimama Machi 2020 kwa ajili ya korona, ikarudi Juni, mechi zikabanana. Ingekuwa timu ya kuzimika, pale ndipo ingezimika. Ikamaliza ya nne kati ya timu 20, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga, tarehe 2 Agosti, ikafungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba walikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, Namungo ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika katika msimu wake wa pili tu wa Ligi Kuu.

Huko nako ikafanya makubwa. Ilimtoa El Hilal El Obeid ya Sudan. Ilimtoa 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya 7-5, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam baada ya msafara wake kuzuiliwa Luanda kwa masharti ya korona. Ikaingia makundi na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, na huko ikapoteza mechi zote sita bila kufunga bao.

Sita bila bao. Ukilichukua kundi hilo peke yake unapata timu dhaifu. Ukiichukua nafasi ya nne peke yake unapata timu kubwa. Namungo haikuwa timu hiyo dhaifu wala hiyo kubwa. Ilikuwa timu ya kati iliyojipanga vizuri kuliko wengi wa daraja lake, na ikafika kwenye dari ambalo pesa na upana wa kikosi chake havikuweza kulivuka, mwaka ambao ilikuwa inacheza ligi na Afrika kwa wakati mmoja. Mnadani hakuna mnunuzi anayeipokea korosho kwa uzito wa gunia peke yake. Hukatwa, ikaangaliwa ndani, ndipo ikapewa daraja. Timu zetu zinastahili angalau hilo.

"Uwanja wa nyumbani ni pointi tatu mkononi."

Kweli kiasi. Simba walikuwa na kaulimbiu yao, "Kwa Mkapa hatoki mtu", kwenye uwanja wa watu 60,000 wenye jina la mtoto wa Lupaso, hapa hapa Masasi. Oktoba 2021 Jwaneng Galaxy ya Botswana, waliokuwa wamefungwa kwao 2-0, wakaja pale pale wakashinda 3-1, wakawatoa Simba kwa bao la ugenini. Kocha Didier Gomes akaondoka ndani ya siku chache.

Kwa timu ndogo uwanja una uzito zaidi. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu, timu iliyokuwa ikihangaika chini ya msimamo, ikawafunga 2-1 kwenye uwanja wake wa Highland Estate, Mbarali. Oktoba 2023 ikawafunga tena 2-1 pale pale. Ukiipima timu ndogo katikati ya msimu, gawa pointi zake mafungu mawili, za nyumbani na za ugenini, kisha tazama mzunguko wa pili inacheza na nani wapi. Hapo utajua kama inashuka au la, mapema kuliko redio zitakavyokuambia.

"Timu isiyo na mfungaji bora haiendi popote, na iliyo naye haina wasiwasi."

Si kweli. Msimu wa 2021/22 mfungaji bora alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17, akimpita Mayele kwa moja. Yanga wakawa mabingwa bila kupoteza mechi. Geita walimaliza wa nne, na miaka miwili baadaye, 2024, wakashuka daraja.

"Mechi zote nimeziona kwenye televisheni, timu naijua."

Nimeiacha ya mwisho kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine zote.

Tangu Azam Media waingie mkataba wa miaka kumi na TFF mwaka 2021, mechi za ligi tunaziona vijijini kwa wingi ambao wazee wetu hawakuuota. Ni neema, nami ni miongoni mwa wanaonufaika nayo. Lakini kamera inafuata mpira. Haikuonyeshi beki wa kulia anafanya nini mpira ukiwa kushoto. Haikuonyeshi kiungo mkabaji anavyogeuza shingo kila sekunde kabla hajapokea pasi, au yule ambaye hageuzi kabisa ndiyo maana kila mara ananyang'anywa. Haikuonyeshi kama washambuliaji wanarudi au wanatembea, wala umbali kati ya mabeki na viungo, ambao ukizidi, mpinzani anapata chumba cha kukaa. Nguvu na udhaifu wa timu vinakaa huko, mahali ambapo mpira haupo.

Uwanjani unayaona haya bila kufundishwa. Kaa juu kidogo, usawa wa mstari wa katikati, chagua mchezaji mmoja asiye na jina kubwa, mtazame yeye tu kwa dakika kumi mfululizo, mpira uwe kwake au usiwe kwake. Kisha badilisha, tazama mstari wa mabeki wanne. Mapumziko yakifika utakuwa na maneno ya kusema kuhusu timu ile ambayo kibandani hayapo.

Uwanja wa Majaliwa uko Ruangwa, ukipitia Nanganga. Hatuhitaji kupanda basi usiku kucha kwenda Dar es Salaam ili kuiona Ligi Kuu. Simba, Yanga, Azam na wengine wote wanakuja kucheza pale. Mzunguko wa pili ukianza, chukueni gari moja watu kadhaa, mchangie nauli, mwende mkaitazame Namungo dakika zote 90. Mkirudi ndipo mtuambie kama kocha aondoke.